Mmiliki wa Tovuti Nisizozijua

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka langu, simu mkononi, na alikuwa ameniambia maneno mawili tu: "Kumbe wewe."

Kwa aliyepitwa, nitamrudisha nyuma kidogo halafu twende pamoja. Mimi ni fundi miwani. Nakata lenzi, nakaza skrubu, nanyoosha miwani ambayo wenyewe wameilalia. Mume wangu anaandika programu za kompyuta nyumbani, kwenye chumba cha nyuma, na kwa kuwa hapendi kukosolewa nimempa jina la Mtaalamu. Tovuti sina, sijawahi kuwa nayo. Lakini kwa wiki kadhaa sasa watu nisiowajua wananipigia simu na kuniambia mimi ndiye mwenye tovuti. Mmoja anadai viatu alivyoagiza. Mwingine ananishukuru kwa mazoezi ya kupunguza tumbo. Kuna mama mmoja alinisimulia ndoa yake yote kabla sijapata nafasi ya kumwambia amekosea namba.

Hao niliwamudu. Simu ina kitufe cha kukata. Mama mkwe hana.

"Karibu, Mama. Keti."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo. Akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Hakuwa amekasirika usoni. Angekasirika ningejua pa kuanzia.

"Soma," akasema, akanipa simu.

Nikasoma. Jina la tovuti: Dirishani. Mmiliki: hapo yalikuwepo majina yangu, yote matatu, hata lile la babu ambalo silitumii popote. Simu: yangu. Anwani: nyumba yetu, na mtaa wetu, na neno "mlango wa kijani" kwenye mabano. Nikaipiga picha kwa simu yangu.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Katibu wetu ana programu kwenye simu. Unaandika jina la tovuti, inakuambia aliyeisajili ni nani. Kama unavyoulizia namba ya gari ukamjua mwenye gari. Tumeuliza mbele ya kamati."

"Kamati yote?"

"Yote. Hata anayetunza funguo za ukumbi alikuwepo."

Hapa lazima niwaeleze Dirishani ni nini. Ni tovuti ambayo mtaani kwetu kila mtu anaisoma na kila mtu anasema haisomi. Inawatania wakubwa wetu wadogo: kiongozi wa kwaya anayeimba kuliko kwaya, msimamizi wa maegesho asiyeweza kuegesha. Mwandishi wake hajulikani. Na juma lile ilikuwa imemfikia mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, mgombea wa uenyekiti wa Umoja wa Walimu Wastaafu. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi.

Akaninyang'anya simu kwa upole, akanisomea mwenyewe kwa sauti ya darasani.

"'Mgombea wetu wa jiografia anaijua mito yote ya dunia na inakomwaga maji. Muulize umoja wenyewe unaelekea wapi, ataomba aletewe ramani.'"

Nilitaka kucheka. Nikakohoa.

"Kuandika umeandika vizuri," akasema. "Sikatai. Hapo kwenye mito nilicheka mwenyewe, ndipo nikakumbuka ninayechekwa ni mimi."

"Mama, siyo mimi."

"Na hapa je? 'Hata miwani anayovaa mikutanoni ni ya kuupamba uso tu. Vioo vyake havina nguvu yoyote. Ni dirisha.'"

Hapo hamu ya kucheka ikaniisha.

Ni kweli. Mama mkwe alinijia akitaka miwani, nikampima, nikakuta macho yake ni mazima kuliko yangu. Nikamwambia ashukuru, aende zake. Akagoma. Akasema mwenyekiti asiye na miwani anaonekana kama mtu anayepita njia. Basi nikamtilia vioo vitupu kwenye fremu nzito nyeusi, akatoka amebeba kichwa kama bendera. Tukakubaliana jambo hilo libaki dukani.

"Tuliojua ni wawili," akasema. "Mimi sijaandika."

Nikaokota bisibisi, nikakaza skrubu isiyolegea. Na kwenu nyinyi wasomaji wangu nitasema tulikuwa watatu, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia mume wangu, na tulicheka mpaka akaniomba nikae kimya apumue.

Mama mkwe akasimama. "Jumamosi utakuja ukumbini kabla ya kura. Utasimama mbele ya watu, utaniomba radhi. Maneno machache tu, sitaki hotuba. Usipokuja nitaelewa nimepata mkwe wa namna gani."

Akatoka. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, na mgonjwa nikawa mimi.

Nilifunga duka mapema, nikaenda nyumbani moja kwa moja hadi chumba cha nyuma.

"Ulimwambia nani habari ya miwani ya mama yako?"

Mtaalamu akageuka na kiti. "Sijamwambia mtu."

"Basi umeiandika wewe."

"Nimeandika nini?"

Nikamwonyesha ile makala ya Dirishani. Akaisoma, akacheka kwenye mito, akaacha kucheka alipoona uso wangu.

"Mke wangu, mimi hata salamu za pole unaniandikia wewe. Hii nitaitoa wapi?"

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mume wangu akiandika barua anaanza na neno "Kuhusu". Nikamtoa kwenye orodha ya washukiwa, nikabaki peke yangu ndani yake.

Ndipo nikamwonyesha picha niliyoipiga ya simu ya mama yake: mmiliki mimi, namba yangu, mlango wa kijani. Akaitazama. Akaanza kukuna sikio. Nimeolewa na mtu huyu muda wa kutosha kujua kwamba akikuna sikio, kuna kitu amekivunja na bado hajaamua kuniambia.

"Hiyo programu ya Katibu inaitwaje?" akauliza.

Nikamwambia. Akabofya hapa na pale.

"Inatumia maktaba yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Mimi nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni vitabu. Kumbe watu wa programu wakisema maktaba wanamaanisha kazi ambayo mmoja ameshaifanya na wengine wanaichukua na kuitumia, ili wasiianze upya. Ya mume wangu inafanya hivi: unaipa jina la tovuti, inakwenda kuuliza kwenye ofisi ya usajili, inaletewa maelezo ya aliyeisajili, inayasoma na kuyapanga. Mmiliki huku, simu huku, tarehe ya kuisha huku. Ugumu ni kwamba kila ofisi inaandika kwa namna yake. Moja inatanguliza siku, nyingine mwezi. Moja inasema mmiliki, nyingine mwenye jina, nyingine haisemi kitu inaandika tu. Yeye ameifundisha maktaba yake kuwaelewa wote, na akaitoa bure. Watu wengi wanaitumia. Siku zote nilijivunia jambo hilo bila kulielewa.

"Sasa mimi nimeingiaje humo?"

"Nilihitaji mfano," akasema. "Wa kujaribia. Nikaweka maelezo yako."

"Kwa nini usiweke yako?"

"Jina langu ni fupi. Lako ni refu, lina sehemu tatu, lina kistari katikati. Maktaba ikiliweza hilo inaweza majina yote. Ni jina zuri sana kwa majaribio."

"Tangu tuoane ndiyo mara ya kwanza unalisifia."

Akainama. Nikamwambia aendelee.

"Halafu nikasahau kuutoa mfano. Kwa hiyo maktaba ikifika kwenye maelezo ya tovuti ikakuta jina la mwenyewe limefichwa, au limeandikwa kwa neno isilolijua, badala ya kusema haijulikani..."

"Inasema ni mimi."

"Inakurudisha wewe, ndiyo. Ni kosa dogo. Mstari mmoja."

"Mstari mmoja umenipa viatu, matumbo ya watu na mama yako."

Alinyoosha mkono akaushika wangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilikuwa nimejiandaa kununa mpaka wiki ijayo, lakini nilijisikia mwepesi kuliko nilivyotaka kuonyesha. Sikuwa na kosa, na sasa nilijua kwa nini.

"Vaa viatu," nikasema. "Twende kwa Mama tumweleze."

"Tumweleze nini? Kwamba kosa ni la mwanawe? Atasema namkingia kifua mke wangu. Ngoja kwanza niirekebishe, tumwone mwenye Dirishani hasa ni nani. Tukienda na jina la kweli hatakuwa na la kusema."

Mara chache Mtaalamu anasema jambo la maana nyumbani. Hii ilikuwa mojawapo. Nikaleta chai, nikavuta kiti, nikakaa ubavuni mwake.

Akaiuliza ofisi ya usajili mwenyewe, bila kupitia maktaba. Maelezo yakaja marefu, yamepangwa kama mtu aliyemwaga droo.

"Umeona," akasema akishusha macho. "Hawa hawaandiki 'mmiliki'. Wanaandika 'mshika jina'. Maktaba haijawahi kukutana na neno hilo, ikaliruka. Sasa hapa mshika jina ni..."

Akakuna sikio. Akakuna na la pili.

Nikasogea nikasoma. Nikalisoma tena kwa kidole, kama wateja wangu wanaojifunza kuvaa lenzi za kusomea.

Lilikuwa jina la baba yake.

Nilicheka mpaka chai ikapaa puani. Mume wangu hakucheka. Alikuwa analitazama jina la baba yake kwenye skrini kama anayetambulishwa kwake.

Baba mkwe wangu ni mtu ambaye ukimuuliza hajambo anafikiri kwanza. Alifanya kazi ya kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, mpaka alipostaafu. Mume wangu alimpa kompyuta ya zamani ili asichoke na ukimya, na sote tuliamini anacheza karata. Ukiingia sebuleni kwao unaona karata kwenye skrini. Mama mkwe mwenyewe huwaambia wageni, "Mwacheni, hapo amefika."

Kesho yake asubuhi tulikwenda, saa ambayo mama mkwe huwa anazunguka kuomba kura. Baba alikuwa sebuleni, miguu kwenye kigoda, karata kwenye skrini.

"Baba," mume wangu akasema, "hii karata haijasogea tangu tuingie."

"Nafikiria," akasema Baba.

Mimi sina subira ya familia hii. "Baba, Dirishani ni yako."

Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akainuka, akaenda kuchungulia nje, akarudi akafunga mlango, akakaa.

"Mmejuaje?"

"Umejisajili kwa jina lako kamili," mwanawe akasema. "Na simu ya mezani. Watu huwa wanaomba ofisi iwafichie jina."

"Fomu iliuliza jina. Nikajaza jina." Akafikiri kidogo. "Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza asijibu."

"Na miwani?" nikauliza. "Baba, mimi ndiye ninayeambiwa nimetoa siri ile."

"Niliivaa siku moja nisome gazeti. Nikaona herufi ni zilezile. Nikaivua, nikaivaa, zilezile." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kona ya mdomo wake inapanda. "Nilimheshimu sana siku hiyo."

"Sasa kwa nini umwandike?"

"Nimewaandika wote, mwanangu. Mwalimu wa Hesabu anayeshindana naye nilimwandika juma lililotangulia. Nikimruka mama yenu, si watajua dirisha liko nyumba gani?"

"Ungeandika kidogo tu."

"Nilianza kidogo. Halafu yakaja yenyewe." Akatazama mikono yake. "Hao wengine natafuta cha kusema. Yeye nimeishi naye. Yeye nachagua."

Alilisema hilo kwa namna ambayo nilisahau kidogo kwamba nilikuja kugomba. Miaka yote alikuwa akikaa pale kwenye kona, mkewe akiongea kwa niaba ya wote wawili, na sisi tukidhani hasikii.

"Baba, mwambie Mama," mume wangu akasema.

"Nitamwambia. Baada ya uchaguzi. Akishinda atakuwa na furaha, atanisamehe."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa nitaendelea kucheza karata."

Nikamkumbusha kwamba Jumamosi ni mimi ninayetakiwa kusimama mbele ya ukumbi kuomba radhi kwa maneno yasiyo yangu. Akanigeukia. Mtu huyu hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi mezani anaifuata mwenyewe.

"Niazime hilo jina lako mpaka Jumamosi ipite," akasema. "Wewe ni mkwe. Atakununia, atachoka, atarudi. Mimi nakaa naye nyumba moja. Akijua sasa, kwa mdomo wa watu, juma lenyewe la uchaguzi, itamuuma pasipopona."

Mume wangu akatazama dari. Alikuwa hana msaada wowote.

Nikakubali. Msinilaumu. Angebishana ningemshinda, lakini alikuwa ameomba tu.

Jumamosi ilianza vibaya. Nikiwa navaa, simu ikalia: msichana analia kwamba gauni lake la harusi halijafika na tovuti ni yangu na harusi ni leo. Nilimwambia siyo yangu, akazidi kulia, na mimi, sijui kwa nini, nikalia naye. Tulikaa tunalia kila mtu upande wake. Mume wangu alisimama mlangoni na shati lisilofungwa vifungo, akatutazama, yaani mimi na simu. Akaenda chumba cha nyuma. Sikumuuliza anafuata nini. Aliporudi aliniambia nimependeza.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walimu wastaafu wakikutana wanakaa kwa kufuata masomo: lugha mbele, sayansi kati, michezo karibu na mlango. Nilipoingia vichwa viligeuka. Nikapita katikati nikiwa nimeshikilia mkoba kama ngao. Baba mkwe alikuwa safu ya mbele, amepiga pasi mpaka kola. Hakunitazama.

Kabla sijakaa, mama mkwe akanishika mkono, akanivuta nyuma ya viti vilivyopangwa ukutani.

"Usiombe radhi," akaninong'oneza.

"Samahani?"

"Hata hiyo usiseme. Sikiliza. Tangu hiyo makala itoke, watu wananisimamisha njiani. Wanacheka na mimi. Wanataka kuijaribu miwani. Wanasema mtu aliyechekwa hivi na hakugombana na mtu ndiye anayefaa kuongoza. Mwalimu wa Hesabu anapita amejikausha kama hatuoni."

"Ni vizuri, Mama."

"Ni vizuri sana. Sasa nataka uandike nyingine, na safari hii umwandike yeye."

"Ameshaandikwa, Mama."

"Ulimhurumia. Yule ana mambo." Akaniinamia. "Hajui kugawanya. Keki ya mkutano uliopita aliikata mwenyewe, watu wakakosa. Mtu wa hesabu. Hiyo hujaandika."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kila kitu, namwambia kila msomaji hapa, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini akaniwahi. Akaniwekea kiganja shavuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu siku ya harusi yetu, na siku ile alikuwa ananifuta poda.

"Nilikudharau," akasema. "Nilidhani mwanangu ameoa mikono. Kumbe ameoa na kichwa. Ningejua mapema tungekuwa tunaongea."

Na hapa ndipo ninapoona aibu. Nilifurahi. Sifa zile hazikuwa zangu, kila neno lake lilikuwa la mzee aliyekaa safu ya mbele, lakini zilinikaa kama zimepimwa kwangu. Kwa miaka nilikuwa nimemnyooshea huyu mama fremu zake na kuambiwa asante ya mlangoni. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitaangalia, Mama."

Akanifinya shavu, akaenda jukwaani.

Nikakaa kati ya mume wangu na baba yake. Baba akaniegemea kidogo. "Amesema nini?"

"Anasema ninaandika vizuri," nikamjibu.

Baba akatazama viatu vyake. Kisha akakuna sikio.

Mama mkwe akakamata kipaza sauti. Alizungumza vizuri, alipofika kwenye mito ya dunia ukumbi ukacheka kabla hajamaliza. Kisha akasema, "Wengi mmeniuliza kama ni kweli aliyeniandika ni mtu wa nyumbani kwangu. Nilikasirika, sifichi. Leo sina hasira. Mwandishi wa Dirishani ni mkwe wangu. Yule pale. Simama, mwanangu, wakuone."

Nikasimama. Wakapiga makofi. Mwalimu wa lugha alinipungia kitabu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao, nikiri, ulikuwa na maringo ndani yake.

Makofi yalipokwisha, Mwalimu wa Hesabu akanyoosha mkono. Ni mtu mrefu, shati limefungwa hadi kooni.

"Nimemsikia mwenzangu," akasema. "Ila mimi nimezoea kuona jibu na njia yake. Juzi kwenye kamati sikuwepo. Naomba Katibu aulize tena, hapa, sote tusikie. Isije ikawa tunampigia makofi mtu asiyehusika, kwa ajili ya kura."

Watu wakaguna. Mama mkwe akacheka kwa raha kabisa. "Aulize. Hata mara mbili."

Katibu akatoa simu yake. Mimi nikakaa, nimetulia tuli, kwa sababu nilijua simu ile itasema nini. Ni mume wangu aliyeniinamia sikioni.

"Mke wangu," akasema, "ile maktaba."

"Nini?"

"Nimeshatoa marekebisho, sasa inalijua neno 'mshika jina'. Asubuhi. Ulikuwa unalia na yule msichana, nikashindwa kuvumilia. Nikasema usipigiwe tena na mtu."

"Rudisha."

"Hairudi. Programu zinazoitumia zimeshaichukua."

Nilimtazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyenifanyia wema, na ulikuwa wema kweli, ila uliwahi kwa asubuhi moja.

Katibu alikuwa anasoma, midomo ikitikisika. Akafika mwisho. Akarudia. Kisha akainua kichwa, na hakunitazama mimi. Alitazama kiti cha pembeni yangu.

"Mama Mgombea," akasema, "hapa pameandikwa jina lingine."

"Lisome," mama mkwe akasema.

Katibu hakulisoma. Hakukuwa na haja. Baba mkwe wangu alikuwa ameshasimama, ameshika kola iliyopigwa pasi kwa mikono yote miwili. Watu waliomfahamu tangu wakiwa na nywele walikuwa hawajawahi kumsikia akiongea mkutanoni.

"Ni yangu," akasema. "Nimeandika mimi. Yote."

Mama mkwe alimtazama mume wake kutoka jukwaani, akamtazama tena, kama anayetafuta kwenye ramani mahali alipodhani anapajua. Niliona kitu kinapita usoni pake ambacho sikuweza kukisoma. Hakikuwa hasira wala kicheko, ingawa vyote vilikuwa karibu. Baba naye hakukaa. Aliendelea kusimama, amemwinulia mkewe uso.

Mama mkwe alikishusha kipaza sauti taratibu, akanigeukia mimi.

"Na wewe," akasema, bila kipaza sauti na bado tukasikia wote hadi mlangoni, "ulijua tangu lini?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Lugha, sayansi, michezo. Mume wangu akanishika mkono kando ya kiti.

"Sema ukweli tu," akaninong'oneza. "Mimi nipo."

Halafu akakisogeza kiti chake nyuma kidogo.